"Dawa" ya Milingoti: Lugha na Kinga ya Wafanyakazi dhidi ya Sumu katika Viwanda vya Eldoret

Utangulizi

Suala la usalama wa mfanyakazi kiwandani kwa kawaida huachiwa wahandisi, madaktari na mawakili. Wanaoshughulika na Kiswahili hulitazama kwa mbali, kana kwamba sumu haihusiani na msamiati. Makala hii inashikilia msimamo tofauti. Inajaribu kuonyesha kwamba katika viwanda vya kutia dawa milingoti ya umeme, ambavyo ni sehemu ya sura ya Eldoret, kinga ya mfanyakazi huanza na jina ambalo kitu hatari kimepewa, na kwamba jina linalotumika sasa linamponza.

Eldoret, ambayo ilipewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, imezungukwa na mashamba ya mikaratusi, au blugamu kama wengi wanavyoiita. Kilimo cha miti hiyo kilipata msukumo mkubwa wakati umeme ulipoanza kupelekwa vijijini kwa kasi, kwanza kupitia Mamlaka ya Usambazaji Umeme Vijijini iliyotokana na Sheria ya Kawi ya mwaka 2006, kisha kupitia mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015. Mlingoti mbichi ukisimikwa ardhini huliwa na mchwa na kuvu katika muda mfupi. Ndiyo maana hutiwa dawa kwanza.

Kilichomo ndani ya "dawa"

Kemikali inayotumika sana kwa kazi hii hujulikana kwa ufupisho CCA. Ni mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki. Ulibuniwa na mwanasayansi wa Kihindi, Sonti Kamesan, katika miaka ya 1930. Katika aina yake iliyoenea zaidi, oksidi ya kromiamu ni asilimia 47.5, ya shaba asilimia 18.5 na ya aseniki asilimia 34. Shaba huua kuvu, aseniki huua wadudu, na kromiamu huvifunga viwili hivyo ndani ya mti visisombwe na mvua.

Utendakazi wake ni huu. Milingoti iliyokaushwa huingizwa katika tangi refu la chuma, mlango ukafungwa, hewa ikanyonywa kutoka kwenye mti, kisha myeyusho ukajazwa na kusukumwa ndani kwa shinikizo linalozidi mara 10 lile la hewa ya kawaida. Myeyusho unaobaki hurudishwa, mlango ukafunguliwa, na milingoti ikatolewa ikiwa na rangi ya kijani na bado inachuruzika. Hapo ndipo hatari ilipo. Kromiamu iliyo katika myeyusho ni ile ambayo wanakemia huiita ya sita, ambayo hutoboa ngozi vidonda vyenye kina, hula ukuta unaotenganisha mianzi ya pua na huweza kusababisha saratani ya mapafu. Ikishakaa ndani ya mti hubadilika polepole na kuwa ya tatu, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Mabadiliko hayo hutegemea joto. Penye joto hukamilika upesi, ilhali penye baridi huchukua siku nyingi, hata wiki kadhaa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Mlingoti unaoonekana mkavu kwa macho huko unaweza kuwa bado unatoa sumu kwa yeyote anayeubeba begani.

Ama aseniki, madhara yake hayana haraka. Ngozi huingia madoa meusi, viganja na nyayo hukakamaa, na baada ya miaka mingi hutokea saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka aseniki na kromiamu ya sita katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitishwa kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kutia CCA katika mbao nyingi za matumizi ya nyumbani kufikia mwisho wa mwaka 2003, ingawa milingoti ya umeme haikuguswa na uamuzi huo.

Tatizo la jina

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Kitu hiki chote kinaitwa "dawa". Sokoni mbao huuzwa kwa sifa kwamba "zimetiwa dawa", na mlingoti nao husemwa "umetibiwa". Neno "dawa" katika Kiswahili lina uwanja mpana: kuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya. Kinachoziunganisha ni kwamba kila moja huondoa jambo lisilotakikana. Panya na malaria hutofautiana, lakini kwa mtumiaji wa lugha vyote viwili ni kero inayohitaji kuondolewa, na kinachoiondoa ni dawa. Mantiki hiyo ni nzuri na ya kale, wala hakuna haja ya kuikejeli.

Tatizo ni kwamba mantiki hiyo humtazama anayenufaika, haimtazami anayeishika. Kwa mwenye shamba, CCA ni dawa ya mchwa. Kwa kibarua aliye mbele ya mlango wa tangi ni sumu. Anapoambiwa "dawa imemwagika", neno hilo halimstui. Kinyume chake, kitenzi "kutibu" kinamjengea picha ya hospitali: aliyetibiwa amepona, na aliyepona hana tena la kuogopwa. Hivyo mlingoti "uliotibiwa" unasikika kama mlingoti ulio salama zaidi kuliko mbichi, ilhali kwa mikono ya binadamu ukweli ni kinyume.

Utata wa namna hii haukomei Eldoret. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliwaathiri wafanyakazi na majirani kwa madini ambayo Kiswahili sanifu huyaita "risasi". Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa na kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aligunduliwa kuwa na madini hayo mwilini, aliongoza harakati za kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo Julai 2020, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Mwanaisimu anayefuatilia kesi hiyo hawezi kukosa kuona kwamba "sumu ya risasi" humpeleka msikilizaji kwenye bunduki kabla hajafika kwenye betri. Neno lipo, ni sanifu, limo kamusini, na bado halitoi onyo linalostahili.

Sheria na sarufi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 haikosi meno. Inahusu mahali popote ambapo mtu yuko kazini, awe wa kudumu au wa muda, kwa hiyo kibarua wa siku moja yumo. Inamtaka mwajiri atoe taarifa, mafunzo na usimamizi. Inataka vyombo vya kemikali hatari viwekwe lebo. Na pale mfanyakazi anapokutana na vitu vya kudhuru, inataka mwajiri atoe na kutunza mavazi ya kujikinga. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tena, mwajiri haruhusiwi kumrudisha mfanyakazi mahali ambapo hatari kubwa ingalipo.

Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na taarifa za usalama zinazofuatana na kemikali aghalabu huwa kwa Kiingereza pia. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuweka lebo kwenye kemikali, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, huchapishwa katika lugha sita rasmi za umoja huo, na Kiswahili si mojawapo. Katika uwanja wa kiwanda cha Eldoret huweza kukutana Mnandi, Mkeiyo, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mturkana. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tanzania ilipiga hatua mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hatua hiyo yafaa kuigwa, ingawa kutafsiri peke yake hakutoshi, kama mifano ifuatayo inavyodhihirisha.

Tuchukue sentensi ya aina inayopatikana katika tafsiri za haraka: "Epuka mfiduo wa muda mrefu kwa nyenzo hii." Sarufi yake haina kosa kubwa, ila ni nani uwanjani anayejua "mfiduo"? Neno hilo ni jipya na linafaa vitabuni. Mfanyakazi anahitaji kitenzi: "Isikuguse. Usivute mvuke wake. Ikikugusa, nawa papo hapo kwa maji mengi na sabuni." Kiswahili ni lugha ya vitenzi, nacho kiambishi "-ki-" cha masharti hufanya kazi ambayo nomino dhahania haiiwezi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. "Glavu zinapaswa kuvaliwa wakati wote." Kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Nani atazileta glavu? Zikitoboka, nani atazibadilisha? Sheria imejibu kwamba ni mwajiri, lakini sentensi imemwondoa na kumwacha kibarua peke yake na wajibu. Siku atakapougua ataambiwa hakuvaa. Tafsiri aminifu kwa sheria ingesema: "Mwajiri atatoa glavu za mpira zisizopenyeza. Mfanyakazi atazivaa. Zikitoboka, mwajiri atatoa nyingine." Hapa uchaguzi wa kauli ya kitenzi si suala la mtindo tu, ndio unaoamua lawama itamwangukia nani.

Hali kadhalika neno "barakoa", lililoenea mno tangu janga la korona la mwaka 2020, sasa linajumuisha kitambaa cha kawaida na kifaa chenye vichujio. Kitambaa hakizuii ukungu wa kemikali unaotoka tangi linapofunguliwa. Lebo inayosema "vaa barakoa" bila kutaja kichujio inaweza kumpa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao. Pengine "kipumulio chenye kichujio" ni refu, lakini urefu huo una faida.

Kuna pia imani, iliyoenea sana Afrika Mashariki miongoni mwa wapaka rangi na wanyunyiziaji dawa mashambani, kwamba maziwa huondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, na Uasin Gishu haina upungufu wa maziwa, lakini hayaondoi aseniki wala kromiamu mwilini. Kipimo cha mkojo ndicho huonyesha aseniki iliyoingia mwilini, na mfanyakazi wa tangi anastahili kupimwa mara kwa mara, si siku anapoanguka.

Istilahi zinazopendekezwa

Haielekei kwamba neno "dawa" litaondoka katika vinywa vya watu kwa amri ya wasomi, wala makala hii haidai hivyo. Kinachowezekana ni kuliongezea kivumishi au kulitenga kwa muktadha: "dawa ya mti" kwa mnunuzi, na "sumu ya tangi" kwa anayeifanyia kazi. Badala ya "mlingoti uliotibiwa", uwanjani pangeweza kutumika "mlingoti mbichi wa sumu" kwa ule ambao kromiamu yake haijatulia, na "mlingoti uliotulia" kwa ule uliopimwa na kuthibitishwa kuwa tayari kuguswa. "Kutulia" ni kitenzi cha kawaida ambacho kila mtu anakijua, na kinabeba dhana ya muda, jambo ambalo "kutibu" haliwezi.

Kwa wanaotaka kufanya utafiti, kazi ya kwanza si kutunga orodha ndefu ya istilahi ofisini. Ni kuisoma kwa sauti lebo iliyopendekezwa mbele ya vibarua wa zamu ya asubuhi, kisha kumwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake atafanya nini akirukiwa na myeyusho machoni. Si wote wanaosoma kwa urahisi, lakini wote husikia.

Na lebo hiyo isiishie langoni mwa kiwanda. Milingoti mikuukuu iliyong'olewa hukatwa ikawa vikingi vya ua, na vipande vyake huweza kuishia jikoni kama kuni. Moshi wake hubeba aseniki, na majivu yake huihifadhi, yale yale majivu ambayo wengine huyamwaga kwenye bustani ya sukuma au kusugulia sufuria. Mpishi huyo hajawahi kuajiriwa na kiwanda chochote, hana glavu, hana kamati ya usalama, na alichosikia kuhusu kuni hizo ni kwamba zilitiwa dawa.