Shahada ya Kilimo na Ualimu: Kufundisha Kuwe Mtaji Wako



Ndugu zangu, kila muhula wadogo zangu wanaosomea ualimu wa kilimo huniuliza swali moja: "Tukikosa ajira ya serikali, tutafanya nini?" Ni swali la haki. Kijana anaweza kusubiri nafasi kwa miaka, na wazazi waliouza ng'ombe ili asome wanasubiri pamoja naye. Mimi nilisoma shahada hiyohiyo. Leo nina kitalu kidogo cha miche ya mboga nje ya Mbale, chini ya Mlima Elgon. Tutazame mambo manne.

1. Jua ulichowazidi wenzako

Mkulima mzee amekuzidi uzoefu. Mwenye duka la pembejeo amekuzidi mtaji. Wewe umewazidi katika kufundisha: unajua kupanga somo, kuonyesha kwa vitendo na kupima kama mtu ameelewa. Mfumo wa shamba darasa ulioanzishwa na FAO nchini Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga, umejengwa juu ya jambo hilo. Wakulima hukutana shambani msimu mzima, hulinganisha vipande viwili vilivyotunzwa kwa njia tofauti, kisha huamua wenyewe ipi ni bora.

Nikiuza miche ya kabichi, mnunuzi hupata na somo la nusu saa: nafasi kati ya mche na mche, kwa nini apandikize jioni, na namna ya kumtafuta sota anayekata shina usiku. Miche yake ikishika, msimu ujao anarudi na jirani yake. Somo ndilo linalouza mche.

2. Piga hesabu kwa miche iliyopona

Anza na bidhaa moja inayozunguka haraka. Miche ya kabichi huwa tayari baada ya wiki nne hadi sita. Tuseme umepanda mbegu 2,000 kwa gharama ya shilingi 170,000, ukihesabu mbegu, udongo, maji na kazi yako. Ukigawa kwa 2,000, mche mmoja unakugharimu shilingi 85. Lakini zipo mbegu zisizoota, na ipo miche inayolazwa na kinyausi. Ikibaki 1,700, gharama ya kweli ni shilingi 100. Anayeuza kwa 95 anadhani anapata faida, kumbe kila mche unamla shilingi tano. Andika daftari tangu siku ya kwanza.

3. Tafuta mtaji usio na riba

Wengi hukimbilia mkopo wa riba wakidhani hakuna njia nyingine. Sheria yetu inayo bai as-salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mavuno, akaruhusu kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane.

Kwa hiyo kikundi cha wakulima kinaweza kukulipa leo bei yote ya miche ya aina fulani, idadi fulani, kimo fulani, uwakabidhi tarehe fulani mahali fulani. Fedha hizo ndizo zinazonunua mbegu. Angalia mambo mawili. Bei hulipwa yote wakati wa kufunga mkataba. Pia deni lako ni miche yenye sifa zilizotajwa, si miche ya kitalu chako tu. Yako ikiharibika, tafuta mingine ya sifa hizo. Usiyapoke maagizo usiyoyaweza, na kabla ya kuandika mkataba wa kwanza muulize sheikh anayejua fiqhi ya biashara.

4. Linda amana ya mwalimu

Hapa ndipo penye mtihani. Mkulima anakuamini kwa sababu wewe ni mwalimu, na wakati huohuo unamuuzia. Akija kununua wakati mvua zinakaribia kukatika na hana maji ya kumwagilia, mwambie asubiri, hata kama miche yako inazidi kukua kitaluni. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Ushauri wa uongo ni unyevu uliofichwa chini ya rundo. Ukimpotosha mkulima mara moja, umepoteza mteja na mwanafunzi kwa pamoja, na hesabu ya akhera inabaki.

Kazi ya wiki hii

Kaeni watatu watatu. Chagueni zao moja linalolimwa karibu na chuo, waulizeni wakulima watano ni hatua gani inayowashinda, kisha andikeni somo la nusu saa kuhusu hatua hiyo pamoja na bidhaa moja inayoweza kuuzwa nalo. Leteni daftari zenu kwenye darsa ya Ijumaa tuzijadili.

Allah atujaalie rizki ya halali yenye baraka. Wabillahi tawfiq.