Kuku wa mama mkwe wamenigombanisha na jirani

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Chanika, Dar es Salaam. Mwaka jana mama mkwe wangu alitutumia mitetea watano na jogoo mmoja kutoka Singida, wakaja na basi ndani ya tenga. Nilifurahi sana. Nikawaachia uwanjani kama nilivyoona kwake, wakazaliana mpaka wakafika 30 na ushee, na tangu hapo sina amani.

Vifaranga hawakui. Asubuhi anachukua mwewe, mchana kunguru, usiku sijui ni paka au kicheche. Mtetea wa mwisho alitotoa 12, wamebaki 3. Mwezi uliopita nilinunua jogoo mwingine sokoni. Wiki haikupita, kuku wakaanza kuzubaa, mabawa yameshuka, wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda. Niliwapa maji ya shubiri na pilipili, nikawapa na kapsuli za rangi mbili, lakini walikufa 11.

Kubwa zaidi ni jirani. Ana matuta ya mchicha anaouza, kuku wangu wameyachakura yote. Wengine wanataga kwenye mchaichai wake na watoto wake wanaokota mayai. Nilipomdai, akasema nimlipe mchicha kwanza. Kwa hasira nikaandika kwenye grupu la mtaa kwamba kuna mtu anaiba mayai ya wenzake. Sikumtaja jina, ila kila mtu alijua. Sasa ameapa kuweka sumu. Mume wangu naye anasema tuchinje wote yaishe, maana nina majogoo wanne na wanaanza kuwika saa tisa usiku, yeye anaamka alfajiri kuwahi kazini. Na mama mkwe kila Jumapili anapiga simu kuulizia kuku wake. Nifanyeje? Na yale mayai, kwa haki, si ni yangu?

Mama Watatu, Chanika

*

Mwanangu, pole kwa msiba wa bandani. Pole kubwa zaidi naipeleka kwa jirani yako, na najua hutafurahi kulisikia hilo, lakini tuanze na yeye kwa sababu sumu ikishamwagwa haizoleki.

Mchicha huvunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Kuku wakiingia kwenye tuta lililoanza kunawiri, mama yule amepoteza mbegu, samadi, maji ambayo huenda anayanunua kwa ndoo, na hela ya mwezi mzima. Wewe umepoteza mayai. Ni yako, sibishi. Yai ni la mwenye kuku. Lakini mwenye kuku ndiye pia anayebeba hasara ya kuku wake, na ulimwendea ukidai moja huku umelifumbia macho la pili. Kisha ukamwita mwizi mbele ya mtaa mzima. Hilo la "sikumtaja jina" waachie waimbaji wa taarabu.

Leo jioni nenda kwake mwenyewe, usitume mtoto. Muulize matuta mangapi yameharibika, mkubaliane bei, na kama huna zote mlipe kwa mafungu. Mayai yasamehe, usiyataje hata kwa utani. Halafu urudi kwenye grupu lilelile uombe radhi kwa maneno mafupi yasiyo na mafumbo. Ukiona miguu mizito, mchukue mjumbe wenu au mama mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili akusindikize. Mkishaelewana, umweleze kuhusu sumu: kuku aliyekula sumu si lazima afie palepale alipoila, anaweza kwenda kufia uani kwa mtu wa tatu, na mtaani hakosekani wa kumwahi kwa kisu kabla hajapoa. Watoto wenu wanacheza pamoja na wanakula popote mchezo unapowakuta. Akishikilia msimamo wake baada ya hapo, jambo hilo limetoka kwenye safu hii, ni la mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Sasa twende uwanjani. Mama mkwe wako alikutumia kuku wa Singida, hakukutumia uwanja wa Singida. Kule kijijini nyumba na nyumba zimeachana, shamba likishavunwa ni malisho, na kuku akitaga kichakani kichaka ni cha mwenyewe. Wewe, kama wengi wa Chanika, nadhani uko kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Toa nyumba, choo, kisima na kamba ya nguo, kuku 30 wakianza kuchakura watakuwa kwa jirani kabla chai haijachemka. Ukienyeji wa kuku uko kwenye damu yake. Haumaanishi kwamba hahitaji mtu, ingawa nusu ya barua za kuku ninazopokea zimeandikwa na watu wanaoamini hivyo.

Wafuge nusu huria. Mitetea wengi hutaga asubuhi, na kuku hupenda kurudi pale alipotaga jana. Kwa hiyo wafungie mpaka saa sita mchana. Weka viota ndani ya banda, mahali penye giza kidogo, kiota kimoja kwa mitetea wanne au watano, na uache yai moja la kuwavutia kila unapookota. Watajaribu kushikilia mchaichai wa jirani kwa siku kadhaa, wakishindwa kutoka watazoea. Baada ya saa sita wafungulie ndani ya uzio. Giza likianza kuingia watarudi wenyewe. Uzio si lazima uwe wa gharama. Nyavu za uvuvi zilizochakaa zinauzwa kwa bei ya kutupwa ukishuka pwani, na ukizishikiza kwenye fito zinamzuia kuku vizuri. Anayeruka juu, mkate manyoya marefu ya bawa moja tu. Hasikii maumivu, ila akiruka anapinda upande, na baada ya miezi kadhaa manyoya huota upya, unayakata tena.

Ukimfungia kuku nusu siku, umechukua jukumu la kumlisha, usije ukawafungia na njaa. Pumba za mahindi peke yake zinashibisha tu. Changanya na mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa na chokaa ya mifugo kwa ajili ya ganda la yai. Na majani mabichi hawawezi kuyakosa. Hapo ndipo mchicha unarudi: jirani yako kila akivuna hubaki na mabua na majani yaliyotobolewa na wadudu ambayo hayauziki. Nunua hayo kwake. Wewe una kinyesi cha kuku, yeye ana matuta. Kikikaa wiki kadhaa kikaoza, ni mbolea anayoijua kila mkulima wa mboga (kikiwa kibichi kinaunguza miche, kwa hiyo usimpelekee kibichi, mtagombana upya). Ndoa nyingi zimefungwa kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Vifo vile, kwa dalili ulizonitajia, vinafanana sana na kideri, ambacho wengi wanakiita mdondo. Ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa. Shubiri, pilipili, majivu, vyote havigusi kirusi. Kapsuli za rangi mbili ndizo zilizonikasirisha hasa: hizo ni za bakteria, zilitengenezwa kwa ajili ya watu, hazikumsaidia kuku hata mmoja, na mabaki yake yanaingia kwenye mayai na nyama wanayokula wanao. Usirudie. Mayai ya waliokunywa dawa hiyo usiyale wala kuyauza mpaka mtaalamu akwambie muda umepita.

Kinga ipo na ni rahisi kuliko jogoo uliyemnunua. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na ilichaguliwa kwa wafugaji wa aina yako kwa sababu inastahimili joto kuliko chanjo nyingi. Ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Fanya kazi hiyo jioni wakiwa wamelala, hutakimbizana na mtu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko ulionao, na kikishafunguliwa hakiwekwi mpaka mwezi ujao. Kwa hiyo mchangie na wafugaji wenzako wa mtaa. Faida yake si hela tu, kwa sababu kuku wako wakichanjwa na wa nyuma yako hawakuchanjwa, ugonjwa unabaki mtaani ukizunguka. Wanaochanjwa ni wazima. Anayeumwa chanjo haimtibu. Muone afisa mifugo wa kata yenu wiki hii awaangalie waliobaki na akupangie tarehe. Mizoga ichomwe au ifukiwe chini sana. Na tafadhali usifanye kama walivyofanya waliokuuzia jogoo, kuwakimbiza sokoni walioanza kuzubaa ili hela isipotee. Kideri kinasafiri kwa tenga na pikipiki.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wazee walisema. Jogoo wa sokoni ulimwachia siku ileile akachanganyika na wenzake. Mwingine akija, awe wa kununua au wa zawadi, mtenge wiki mbili mbali na wenzake, na chombo chake cha maji, ndipo umruhusu.

Vifaranga hawatakusumbua sana ukikubali kwamba mtetea peke yake hawezi kumshinda mwewe. Mwezi wa kwanza mama na wanawe wakae chini ya tenga kubwa au ndani ya kizimba chenye wavu juu, chakula na maji humohumo. Najua wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Wapake, mimi naamini tenga. Hao kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe takataka, na bado wanafuata takataka, kwa hiyo shimo lako la taka lisiwe wazi karibu na banda. Usiku ni suala la ujenzi: sakafu iinuliwe juu ya nguzo, na kila tundu linalopitisha kichwa cha kicheche lizibwe. Ukubwa wa banda uwe mita moja ya mraba kwa kila kuku watano, watalala bila kubanana. Usiwalaze jikoni wala chumba cha watoto, na usiwawashie vifaranga jiko la mkaa ndani ya nyumba wanamolala watu. Moshi wake usioonekana unaua familia.

Wakifikisha wiki nne au tano watenge na mama yao. Ukimwacha aendelee kuwalea, atakaa hadi miezi mitatu bila kutaga. Ukimpumzisha na kumlisha vizuri, atarudi kiotani mapema.

Imebaki kesi ya mumeo, na hapa nampa ushindi nusu. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi, wewe unao wanne, na kama ni watoto wa yule wa kwanza basi wanapanda dada zao na mama zao, ndiyo maana vifaranga wengine huzaliwa dhaifu. Chagua mmoja, wengine watatu mkabidhi mumeo kisu, ila tu baada ya afisa mifugo kuthibitisha kwamba ni wazima na mabaki ya zile kapsuli yameisha. Atapata nyama, atapata usingizi wa kiasi chake, na nyumba itapata mwenye moyo wa kusaidia kufunga nyavu. Jogoo atakayebaki bado atawika alfajiri, hilo hakuna wa kulizuia, ila ziba mwanga wa taa za nje usiingie bandani.

Mama mkwe, Jumapili hii, mwambie ukweli: wamekufa 11, ni kideri, na unachanja. Amefuga miaka mingi, atakuelewa kuliko unavyodhani, na kuna uwezekano mkubwa amewahi kupoteza wengi zaidi yako. Usimwambie habari za grupu. Akisema atakutumia wengine, mshukuru, kisha umwombe asubiri mpaka uzio uwe umekamilika na chanjo ya pili imepita.