Huduma Moja, Majina Mawili

Swali: Kwa nini mwongozo wa Microsoft hutaja Azure Active Directory ukurasa huu, na Microsoft Entra ID ukurasa unaofuata?

Jibu: Huduma ni ile ile. Azure Active Directory, inayothibitisha utambulisho wa watumiaji wanapoingia kwenye mifumo ya kazini, ilipewa jina la Microsoft Entra ID mwaka 2023. Badiliko lilikuwa na sababu nzuri: jina la awali lilifanana mno na Active Directory, bidhaa nyingine iliyotoka na Windows 2000, ambayo hukaa kwenye seva za ofisi yenyewe. Wengi walizichanganya.

Kutangaza jina jipya ni rahisi. Kuling'oa la zamani ndani ya programu ndiyo kazi. Amri Connect-AzureAD, kwa mfano, ilibeba jina la kale, na mafundi walikuwa wamekwisha kuiandika katika programu zao. Kuibadilisha ghafla kungezikwamisha. Hivyo maelezo yakasema Entra, na mfano chini yake ukasema AzureAD. Picha za skrini nazo huchelewa kupigwa upya.

Anayetafuta msaada atafute kwa majina yote mawili, na atazame tarehe ya ukurasa kabla ya kufuata hatua zake.