Kumbukumbu za Kikao cha Tovuti

SWALI: Tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani, iliyoko Marangu, huendeshwa na seva mbili, na mgeni aliyekwisha kuchagua tarehe za kulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo hukuta fomu tupu anapofika kwenye malipo. Je, hifadhidata itasaidia?

JIBU: Itasaidia. Itifaki ya HTTP haikumbuki ombi lililotangulia, hivyo tovuti hutunza kikao, yaani kumbukumbu ya muda inayotambuliwa kwa namba ya siri iliyomo katika kidakuzi cha kivinjari. Tovuti ikiwa imeandikwa kwa lugha ya PHP, lugha hiyo, isipoelekezwa vinginevyo, huandika kikao katika faili la seva moja, na ombi linaloangukia seva ya pili halikioni. Hifadhidata ya majedwali inayotumiwa na seva zote mbili huondoa kasoro hiyo, mradi jedwali liwe na namba ya kikao kama ufunguo mkuu, data yenyewe, na muda wa kuisha wenye faharasa, ili vikao vilivyokwisha vifutwe upesi. Muhimu zaidi, safu ya kikao ifungwe tangu inaposomwa hadi inapokwisha kuandikwa, kwani maombi mawili ya pamoja huweza kufutiana mabadiliko. Namba za pasipoti zisiwekwe humo kabisa, kwani ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023.