Karanga za Kuvu na Amana ya Muuzaji

Kwetu Rumonge, karanga zilizoota kuvu tuliwapa kuku, nyingine tukachanganya na nzima, tukauza.

Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga za namna hiyo. Panya waliolishwa mashudu hayo wakapata saratani ya ini. Ndivyo ilivyojulikana sumukuvu, isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 Kenya kupitia mahindi.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji.

Likizo hii nilimsomea mama haya. Alinyamaza, gunia lile lilikuwa ada yangu. Kisha tukalizika shimoni.