Kichwa, Usingizi na Moyo Kwenda Mbio: Afya ya Akili Katika Zahanati ya Karibu

Mgonjwa wa sonona kwa kawaida hafiki zahanati akisema ana sonona. Hufika akisema kichwa kinamgonga, usingizi umepotea, mwili hauna nguvu, moyo unamwenda mbio. Hupimwa malaria, majibu yakitoka kwamba hana, hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Baada ya wiki mbili yuko tena kwenye foleni. Anayemhudumia humwona msumbufu, naye huanza kuamini kwamba amerogwa au ana ugonjwa uliofichika.

Hapo ndipo mpango wa kuingiza matibabu ya akili katika huduma za afya ya msingi unapoanzia. Kwa miaka mingi, mtu akitajiwa ugonjwa wa akili Kenya hii alifikiria Mathari tu, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Familia ililazimika kutafuta nauli ya mgonjwa na ya wanaomshika njiani, ikapoteza siku mbili au tatu za kazi, na dawa zilipokwisha safari ilianza upya. Wengi walikwenda mara moja wasirudi. Matokeo yake yanajulikana vijijini: mgonjwa hufungiwa chumbani au kufungwa kamba, si kwa sababu jamaa zake ni wakatili, bali kwa sababu hawajui pengine pa kumpeleka.

Sheria imebadilika tangu wakati huo. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kusimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali zake. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazitaka serikali za kaunti zitoe huduma hizo karibu na wananchi. Kwa hiyo mkaazi anayeuliza matibabu ya akili katika zahanati ya wadi yake haombi hisani.

Je, muuguzi wa zahanati anaweza kutibu akili? Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008 kwa sababu nchi nyingi hazina madaktari bingwa wa kutosha, na mwaka 2010 likatoa mwongozo kwa wahudumu wasio mabingwa. Unahusu sonona, kifafa, magonjwa makali ya akili kama skizofrenia, ulevi na dawa za kulevya, pamoja na mtu anayetaka kujidhuru. Muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa hufuata hatua zake kama anavyofuata zile za kutibu nimonia.

Moja ya hojaji zinazotumika ina maswali tisa. Mgonjwa huulizwa jinsi alivyokuwa kwa wiki mbili zilizopita: amekosa raha? Analala? Anakula? Anajiona hana thamani? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu ni 27. Anayefikisha 10 au zaidi huhitaji kuchunguzwa kwa makini, kwani alama peke yake haimtangazi mtu kuwa mgonjwa. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi na hata maombolezo ya kawaida baada ya msiba vinaweza kufanana na sonona. Swali la tisa ni kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na baadhi ya watu huliogopa wakidhani litamtia mtu wazo hilo. Halimtii. Wengi hupata ahueni kwa kuwa hatimaye kuna aliyewauliza.

Matibabu si vidonge peke yake. Wenye hali nafuu hupewa ushauri na kufuatiliwa. Dawa kama fluoxetini au amitriptilini zikihitajika, mgonjwa na jamaa zake wajue mapema kwamba hazifanyi kazi usiku mmoja kama panadol. Huchukua wiki kadhaa. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazisaidii. Wengine huziacha mara tu wanapopata nafuu, ilhali mwongozo unashauri kuendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Dawa za kifafa nazo zisikatishwe ghafla, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Kaunti ya Makueni ni mfano mzuri wa kujifunza. Huko, serikali ya kaunti ilishirikiana na watafiti Wakenya wakiongozwa na Profesa David Ndetei na Profesa Victoria Mutiso. Wauguzi na maafisa wa kliniki walifunzwa kwa mwongozo huo, na wahudumu wa afya wa vijijini wakafunzwa kutambua dalili na kuwaelekeza watu vituoni. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wanaoombea wagonjwa waliketi pamoja na wahudumu wa hospitali. Ulikuwa uamuzi wa busara. Hao ndio wanaoonwa kwanza, na mganga akidharauliwa hatamtuma mtu zahanati.

Hata hivyo, mafunzo bila dawa ni nusu ya kazi. Mgonjwa akiambiwa mara mbili kwamba dawa zimeisha, mara ya tatu haji. Pia kuna suala la faragha: nani atasimulia mawazo ya kujiua mlango ukiwa wazi na majirani wamekaa kwenye benchi nje? Mambo haya hutatuliwa kwa bajeti, na bajeti ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Katika vikao vya kukusanya maoni ya umma, wakaazi hutaja barabara na maji. Ni nadra mtu kuuliza dawa za kifafa zimetengewa shilingi ngapi.

Mtu akizungumzia kujiua au akijaribu, asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu na kamba ziondolewe karibu naye, kisha apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Hofu ya polisi isimzuie mtu: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Anayehitaji kuzungumza anaweza kupiga 1199, nambari isiyolipishwa ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Kwa ziara ya kwanza zahanati, mgonjwa abebe kitambulisho na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na aandamane na mtu anayeishi naye. Ni vyema awe amejisajili na SHA. Akitaka kuzungumza na mhudumu faraghani, aombe hivyo tangu mwanzo.