KIONDO: MASOMO KUTOKA MIKONONI MWA NYANYA ZETU



Somo letu la leo ni juu ya kitu ambacho labda kimening'inia nyuma ya mlango wako: kiondo. Vikundi vingi vya kina mama vinasuka vyondo kwa ajili ya pesa. Hiyo ni vizuri. Lakini tukifuata pesa peke yake, tutabaki na kikapu na kupoteza ujuzi wenyewe, pamoja na raha iliyokuwa ndani yake.

TUANGALIE

Kwa Wakamba na Wagikuyu, kiondo kilibeba mahindi, maharagwe, viazi na mbegu za kupanda. Zamani nyuzi zilitoka kwenye maganda ya vichaka, na huko Ukambani kwenye maganda ya mbuyu. Rangi zilipatikana kwa kuchemsha mizizi, magome na majani.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Meksiko, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893, kisha ukaenea hata kwetu. Kina mama waliupokea wakauingiza katika kazi yao. Basi tusiseme ati mila ni kukataa vitu vipya. Wazee wetu walichukua kipya bila kutupa ujuzi wao.

Na ile raha je? Mama alisuka akienda sokoni, akichunga mbuzi, akingoja zamu ya maji. Mikono ina kazi, mdomo uko huru. Hapo ndipo wasichana walisikia vitendawili, hadithi, nyimbo na mashauri ya ndoa. Hakuna aliyesema, "Sasa darasa linaanza."

Halafu ikaja mifuko ya plastiki, kiondo kikawekwa kando. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea, na watu wengi wakakumbuka kiondo. Lakini hebu tembea kijijini uulize ni nani anajua kusokota uzi kwa mkono. Mara nyingi utaonyeshwa nyanya ambaye macho yake yameanza kuchoka.

TUFIKIRI

Kijana anayenunua uzi dukani anaweza kusuka vizuri sana. Lakini uzi ukipanda bei, kazi yake inasimama. Nyanya alikuwa na duka lake kwenye ua wa shamba.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kiondo kimechukua siku 6, na dalali analipa shilingi 600. Uzi ulinunuliwa kwa shilingi 240. Zimebaki shilingi 360, yaani shilingi 60 kwa siku. Je, hayo ni malipo? Ni kweli kusokota kunakula muda. Lakini ni kazi inayofanyika watu wakiongea, na ile pesa ya uzi inabaki nyumbani.

TUFANYE

1. Andikeni majina ya kina nyanya wote wanaojua kusokota na kupaka rangi za miti. Waendeeni nyumbani, msiwaite ofisini.

2. Kila nyanya apewe vijana 2 au 3. Wakate majani ya mkonge yaliyokomaa, yale ya chini. Wakwangue nyama ya jani mpaka nyuzi zibaki, waoshe, waanike, kisha wasokote juu ya paja. Angalieni: maji ya mkonge yanawasha ngozi. Tena msioshee mtoni, maana yanachafua maji ya watu na samaki.

3. Nyanya alipwe. Kama hakuna pesa, mpelekeeni sukari, mchanjieni kuni, mpalilieni shamba. Mwalimu wa shule halipwi "asante" peke yake.

4. Wakati wa kazi redio izimwe, na simu pia. Kila kikao nyanya aombwe hadithi moja au wimbo mmoja, na kijana mmoja aandike katika daftari kwa lugha ileile ya nyanya.

5. Kila msukaji aandike siku alizotumia na gharama zake. Dalali akija, kikundi kitaje bei kwa kusoma daftari, siyo kwa kubahatisha.

MASWALI YA KUJADILI

- Katika kijiji chetu, ni akina nani wanaojua kazi hii? Wana umri gani?
- Ni kazi gani nyingine za mikono tulizofanya tukiongea na kuimba? Tuliziacha kwa nini?
- Watoto wetu wanasikia mashauri ya wazee wakati gani siku hizi?
- Kwa hesabu yetu wenyewe, kiondo kimoja kinastahili bei gani?

Msingoje mfadhili wala semina. Mkonge uko kwenye ua, na mwalimu yuko jikoni kwake. Mtu mmoja aende kwake wiki hii, akae chini, aombe kufundishwa uzi wa kwanza.